Uzi wa Kidole Gumba

Mimi ni mkali, sikatai. Hapa Igamba ukiuliza nyumba ya Ketrina watakuonyesha, halafu watakuonya. Nimegombana na wazee wa kanisa kuhusu viti, nimegombana na watu wa mizani ya kahawa, na mkwe wangu Fides, mjane wa mwanangu Boazi, nimemfokea zaidi ya miaka ishirini na bado tunakula chungu kimoja. Kwa hiyo haya nitakayosema sitaki mtu anionee huruma. Huruma mpeni Ruti, mjukuu wangu, maana mwenye moyo mbovu ni yeye na aliyenyamaza ni mimi.

Nianze na kidole. Marehemu mume wangu, Yesaya, vidole gumba vyake havikuwa gumba. Vilikuwa virefu, vyembamba, vina pingili tatu kama kidole kingine chochote, na vilikaa sambamba na wenzake. Kalamu ilimsumbua. Vifungo vya shati nilimfungia mimi, na nilimnung'unikia kila Jumapili. Lakini kwenye kuchuma kahawa, ebu tuache utani, hakuna aliyemshinda. Alipitisha mkono kwenye tawi mara moja, nyekundu zote zikabaki kiganjani. Baba yake alikuwa navyo hivyo hivyo, na shangazi yake pia. Ukoo wao waliviita mkono wa kahawa, na mtoto akizaliwa navyo walifurahi, wakasema huyu hatakufa njaa.

Kweli, hawakufa njaa. Baba mkwe alikufa na miaka arobaini, akipalilia. Shangazi alikufa kisimani, ndoo iko kichwani. Yesaya alikufa na thelathini na nane, msimu wa kuchuma, saa nne asubuhi, jua zuri, mimi nikiwa mstari wa pili. Nilisikia kikapu kinaanguka. Nilianza kwa kumfokea, nikamwambia angalia unamwaga kahawa, ndipo nikaenda kumtazama.

Watu walisema karogwa. Mimi nilitazama mikono yake pale tulipomlaza, nikawapitia mmoja mmoja waliokufa kwa namna ile, na wote walikuwa na kidole. Sikusoma zaidi ya darasa la saba lakini hesabu hiyo ilikuwa nyepesi. Nikajiambia kifo cha watu hawa kinakaa kwenye kidole. Na Boazi, wakati huo ana miaka kumi na minne, alikuwa ameketi pembeni ya baba yake, ameweka mikono magotini, vidole vile vile. Tangu siku hiyo sikuwahi kumtazama mwanangu usoni bila kushuka kwanza mpaka mikononi.

Boazi alikua, akamwoa Fides. Ruti, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa masika, njia ya zahanati imekuwa tope tupu, nikampokea mimi mwenyewe humu ndani. Alikuja analia vizuri. Nikamfuta, nikafungua viganja. Gumba zake zote mbili zilikuwa nzima, nene, za kawaida. Ila mkono wa kulia, ubavuni mwa gumba, kilining'inia kingine kidogo kama punje ya mahindi, kina na ukucha wake.

Sasa sikilizeni nilivyowaza, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea na ninataka ieleweke. Niliwaza Mungu kanipa nafasi. Kwa Yesaya kifo kilikuwa kimeshaingia mkononi, kimeota, huwezi kukitoa. Kwa huyu hakijaingia, kimeshika nje tu, kwa kijingozi. Fides alikuwa na homa, siku tisa hajitambui. Boazi alikuwa Tunduma, anasukuma mkokoteni mpakani. Nikachukua uzi mweusi wa cherehani, nikaukunja mara tatu, nikafunga shina la kile kidole kama tunavyofunga chunjua, nikakaza. Mtoto alilia, nikambembeleza. Siku ya saba kikakauka, kikaanguka, nikakizika chini ya mti wa kahawa. Fides alipoinuka nilimkabidhi mtoto mwenye mikono safi, na hakujua chochote.

Nilijiona shujaa. Boazi alipokufa, na miaka thelathini na moja, kwenye kilima cha Tunduma, mkokoteni umejaa saruji, nililia mpaka sauti ikaniisha. Lakini katikati ya kilio nilimwangalia Ruti, ana miaka tisa, nikasema huyu angalau nimemtoa. Mdogo wake, Clever, alizaliwa zahanati mbele ya manesi, na mikono yake ilikuwa ya babu yake mtupu, pingili tatu. Kwa Clever sikuwa na la kufanya. Huyo nilimwombea tu.

Nilifunga uzi mara mbili maishani. Ya pili nitaisema nikiifikia.

Mwaka huu, Jumamosi ya Pasaka, tulipata msiba. Tukuswiga, binti wa mdogo wake Yesaya, alikuwa ameolewa Mbangala kwa kijana anaitwa Kasiani. Akafa akijifungua. Mtoto wa kiume akabaki. Tukashuka Mbangala ukoo mzima, na mimi, kama kawaida yangu, nikatangulia mbele. Nilimkuta Mama Kasiani, mkwe wake, amekaa mlangoni amejifunga kichwa, nikamwambia mbele za watu kwamba binti yetu alitoka kwetu mzima, anatembea, anacheka, na wao wamemla. Nilisema hivyo. Watu wakashika maneno yangu wakayakuza, nusura wachome paa. Andongwisye, mama yake Tukuswiga, alikaa kule siku saba za matanga, halafu akafukuzwa pamoja na sisi wote. Yule mjukuu wake hajamwona tena. Mdomo wangu ndio ulioyafanya hayo, na niliporudi nyumbani nililala vizuri kabisa.

Mwezi wa sita Clever akaanguka shuleni, mbio za mita mia nne. Walimu walisema hakula. Alikuwa amekula, niliupika ugali mimi. Tukampeleka hospitali ya Vwawa, na siku hiyo alikuwepo daktari wa moyo aliyekuja kwa kliniki maalumu, binti mdogo, jina lake Atupele, ningeweza kuwa bibi yake. Nilikuwa tayari kumdharau. Lakini yule binti hakuanza na kifua cha Clever. Aliishika mikono yake, akavikunja vidole gumba taratibu, pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu akauliza kama kuna mwingine katika familia aliyekufa ghafla.

Fides akaniangalia mimi. Nikawataja. Baba mkwe, shangazi, Yesaya, Boazi. Daktari aliandika kila jina na umri wake, na kila nilipotaja aliuliza mikono ilikuwaje. Miaka yote hiyo nilidhani hesabu ile ni yangu peke yangu.

Alimpiga Clever picha ya moyo kwa mashine, akatuonyesha tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya juu. Akasema na mapigo yake ni ya polepole mno, arobaini na nne kwa dakika, maana njia zinazopeleka ishara ya kupiga nazo hazikujengwa sawasawa. Fides akaanza kulia. Mimi nikauliza kidole kinahusiana vipi na moyo, nikauliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekileta.

Akatufafanulia. Ni mkulima pia, kwao wana kahawa, kwa hiyo alizungumza lugha tunayoijua. Alisema mtoto akiwa bado tumboni, wiki ya nne, ya tano, hana umbo, ndani ya kila chembe yake kuna vinasaba, ambavyo ni maelekezo ya kazi zote, lakini maelekezo hayajisomi. Kuna protini zinazopita kuyaamsha na kuyalaza: wewe anza sasa, wewe acha. Ni kama mnyapara shambani. Sasa mnyapara mmojawapo, alisema, amepewa mashamba mawili, kifua na mikono. Huyo huyo anayesimamia kujengwa kwa kuta za moyo na njia za mapigo ndiye anayesimamia upande wa kidole gumba. Katika ukoo wenu kinasaba kinachomtengeneza mnyapara huyo kina kasoro, kwa hiyo anakuja nusu. Kazi inaharibika kote kuwili. Na mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto anayemzaa ni ama ameipata ama hakuipata, nusu kwa nusu.

Nilikuwa nimeushika mkoba wangu. Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimekaa nalo miaka ishirini na mitatu bila kujua kuwa ni swali.

"Na mtu akikikata hicho kidole mtoto angali mchanga?"

Alicheka kidogo, si kwa dharau. "Bibi, mnyapara alishamaliza kazi akaondoka kabla mama hajajua kama ana mimba. Ukikata kidole umefuta alama tu. Moyo uko vile vile, na sisi tutakaokuja baadaye hatutajua pa kuangalia."

Fides alikuwa anamfuta Clever jasho, hakunitazama. Daktari akageuza karatasi, akauliza watoto wengine wa Boazi. Clever akasema yupo dada yake, Ruti, ameolewa Tunduma na Wiliam, ana mimba ya miezi mitano, ila yeye mikono yake mizuri, na ni mimi niliyempokea. Daktari akasema wote lazima wapimwe, lakini mashine ni moja na orodha ni ndefu, anaanza na wenye alama, na mjamzito mwenye alama asingemngojesha hata wiki. Akanigeukia mimi.

"Bibi, wewe ndiye uliyempokea. Mikono yake ilikuwa hivyo tangu kuzaliwa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Nimekuwa na mdomo mrefu maisha yangu yote, na siku ulipohitajika nilitoa neno moja, tena la uongo. Fides alikuwa ubavuni mwangu. Ningesemaje mbele yake kwamba nilimkata mwanaye akiwa hajitambui? Na wakwe wa Ruti kule Tunduma, wana duka, wana ndugu hadi Nakonde ng'ambo ya mpaka, wangesema wameuziwa mgonjwa. Hayo ndiyo niliyojiambia njiani. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikutaka kuacha kuwa yule aliyemwokoa Ruti. Ruti akaandikiwa kipimo mwezi wa kumi, baada ya kujifungua.

Kabla hatujaondoka daktari alinifundisha kuhesabu mapigo ya Clever, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa ya simu mbele yangu, dakika nzima. Alisema mtu mzima aliyetulia sabini hivi, ikishuka chini ya arobaini nipige simu. Nikawa namhesabu asubuhi na jioni. Nilijipa kazi hiyo kana kwamba inalipa ile nyingine.

Mwezi wa nane Ruti akaja Igamba kusubiri siku zake, maana mimba ya kwanza kwetu mtu hujifungulia kwa mama yake. Wiliam alimshusha na mizigo, akatutania kwa Kibemba chake cha soko la mpakani, akageuza kurudi dukani. Ruti alikuwa amevimba miguu. Kutoka barabarani mpaka mlangoni alisimama mara tatu. Akasema ni mimba tu, Bibi, huyu mtoto mzito. Wiki ile nilimwona analala ameegemea mito mitatu, karibu ameketi. Fides alimchemshia maji ya chumvi ya kukandia miguu. Mimi nilimwambia aache uvivu. Ndiyo, nilimwambia hivyo, kwa sababu nikinyamaza Fides angeshtuka.

Siku moja nilikaa naye barazani nikajifanya natazama bangili yake. Nikaweka vidole viwili. Nikahesabu kwa jicho la pembeni kwenye simu. Thelathini na tisa. Nikajifanya napenda sana ile bangili, nikahesabu tena. Thelathini na nane. Ruti akacheka, akasema Bibi kama unaitaka chukua.

Nilikaa na namba hiyo siku mbili. Siku mbili! Nilipika, nikafagia, nikagombana na kuku. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta nasema kitu kingine. Nilimtazama mapigo ya shingoni, yakichelewa na mimi nashika pumzi mpaka yaje. Nilijua kabisa ninachokitazama. Nilikuwa nimeshakiona kikimaliza watu wanne.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa nje kwenye vitanda vya kuanikia, tunachagua kahawa, tunatoa zilizooza. Ruti alisimama na ungo uliojaa. Nikasikia ungo unaanguka. Kahawa ikatawanyika uwanjani, na mdomo wangu, huu huu, ukaanza wenyewe, "Angalia unamwaga..."

Sikumalizia. Nilikuwa nimeshayasema maneno hayo, kwa sauti hiyo hiyo, saa nne asubuhi, jua kama lile. Niligeuka. Ruti alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu, lakini amesimama.

"Kizunguzungu tu, Bibi. Naokota."

"Usiokote. Kaa chini. Nipe mkono wa kulia."

Akakaa. Nikachukua kidole chake gumba, nikatafuta kile kinundu pembeni, kipo, kigumu kidogo kama mchele chini ya ngozi. Nikakiweka kidole chake kingine juu yake, akiguse. Nikamwambia alizaliwa na kidole hapo. Nikamwambia nilikifunga uzi mimi, kikaanguka siku ya saba, mama yake hajui. Nikamwambia daktari wa Vwawa aliniuliza uso kwa uso nikakana. Nililia, lakini sikutaka anione, kwa hiyo nilisema yote nikitazama kahawa iliyomwagika.

Ruti hakulia. Aliendelea kukigusa kile kinundu. "Ulijua tangu lini kwamba kukata hakusaidii?"

"Tangu mwezi wa sita."

Akahesabu. "Miezi miwili, Bibi. Nimelala nimekaa miezi miwili nikidhani ni mtoto mzito."

Fides alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Sijui alisimama hapo tangu neno gani. Alikiweka kikombe chini polepole, akaingia ndani, akatoka na kanga na kadi ya kliniki, akampigia simu mwenye gari. Hakunifokea. Miaka yote nimemfokea mimi, nikangoja siku hiyo zamu yake, nayo haikuja. Alipita mbele yangu kama anaupita upepo, na mpaka leo ananiita "wewe", haniiti tena mama.

Vwawa hawakukaa naye hata saa moja, wakampeleka Mbeya na gari la wagonjwa. Tundu lilikuwepo, kubwa kuliko la Clever. Mapigo yalishuka mpaka thelathini na moja akiwa amelala tu. Walimwekea kifaa chini ya mfupa wa bega, kidogo kama kiberiti, kina waya unaoingia moyoni kuukumbusha kupiga. Baada ya wiki tatu wakamtoa mtoto kwa upasuaji. Daktari Atupele alikuja kumwona. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, na aliponifikia alisimama. Alisema kwamba uchungu ungemkuta Ruti Igamba, asingeufikisha nusu. Alilisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Ruti akaishi. Mtoto ni wa kike, akaishi. Siku ya nne ndipo waliponiruhusu kuingia. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, mkono wa kulia uko nje ya shuka, na ubavuni mwa gumba kilining'inia kidogo, kina na ukucha. Sijui mikono yangu ilifanya nini. Labda ilisogea tu. Ruti aliiona.

"Hicho hakiguswi," akasema. "Nataka kila atakayembeba mwanangu akione, aulize, aambiwe." Akameza mate, maana kuongea bado kulimchosha. "Sasa niambie. Uliwafunga wangapi?"

Nikasema wawili.

"Mimi na nani?"

Jibu alilitafuta mwenyewe. Katika ukoo wetu wanawake waliopokelewa na mikono yangu hawafiki watano, na mmoja tulimzika Pasaka. Akafumba macho, akasema, "Tukuswiga." Nilimfunga miaka miwili baada ya Ruti. Mama yake, Andongwisye, aliniona nikifunga, kwake sikuweza kuficha, akanibusu mkono. Nilimwambia afunge mdomo, asimwambie mtu, hata mimi asinikumbushe. Na pale msibani Mbangala, niliposema binti yetu alitoka kwetu mzima, nilikuwa ninaujua ule uzi. Niliamini maneno yangu. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba niliamini kabisa.

"Ana mtoto kule," Ruti akasema. "Nenda."

Nilikwenda peke yangu. Huko chini kuna joto, na magoti yangu hayapendi safari, lakini hayo hayamhusu mtu. Mama Kasiani alikuwa anapepeta mahindi. Aliponiona aliacha ungo, akanitolea kigoda, maana ni mtu aliyelelewa. Hakunisalimia. Mimi sikukaa. Nilipiga magoti kwenye pumba za mahindi.

"Inuka, Mama Boazi," akasema. "Magoti yako mabovu, na mimi sina nguvu za kukuinua."

Nikamwambia yote nikiwa hapo hapo chini. Kwamba hawakumla mtu. Kwamba Tukuswiga alikuja kwao na moyo mbovu, na alama ya kuonya ilikuwepo nikaiondoa mimi kwa uzi, manesi waliomzalisha wasingeweza kujua. Nilimwambia habari za Ruti, za waya, za mnyapara. Alisikiliza. Mara moja tu alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza nataka nini.

Nikasema nataka kuona mikono ya mtoto. Nikamweleza kwamba akiwa na kidole, tujue mapema, apimwe, kuna dawa, kuna vifaa, hakuna haja ya kungoja aanguke.

Akaingia ndani akamtoa. Ana miezi mitano sasa, mnono kiasi, macho ya Tukuswiga mtupu. Alikuwa anahema haraka, nikadhani ni joto. Mama Kasiani akamfungua viganja. Gumba mbili, nene, za kawaida, hakuna kitu pembeni. Nilishukuru kwa sauti. Nililia, nikasema asante Bwana, huyu hakupata, huyu mzima.

Mama Kasiani hakushukuru pamoja nami. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Kilikuwepo," akasema. "Bibi yake wa kwenu, Andongwisye, alikifunga uzi wakati wa matanga, kabla hamjafukuzwa. Kikaanguka siku ya saba. Tulimuuliza kwa nini, akasema wewe ndiye uliyemfundisha. Akasema ndivyo ulivyomwokoa Tukuswiga."

Nikapitisha kidole changu ubavuni mwa gumba la mtoto. Kinundu kilikuwepo. Nikaomba nimpakate, na Mama Kasiani, sijui kwa nini, akanipa. Nikalaza sikio langu kwenye kifua chake, nikaweka simu chini mbele yangu. Mbeya waliniambia mtoto mdogo kama huyu hufika mia na ishirini kwa dakika. Nikahesabu mpaka dakika ikaisha, nikahesabu tena tangu mwanzo, na Mama Kasiani akawa amechuchumaa mbele yangu ananitazama mdomo. Nilifika hamsini na sita.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunaondoka sasa hivi."